Majaribio ya Nne, Mabela

Upanga wa kwanza niliuchora nyuma ya ankara ya kompresa,
kazini, kwenye ghala la Ghala (mtaa ulijipa jina wenyewe),
nje nyuzi arubaini na saba, ndani mimi
nagawa uzito kwa kasi: kilo mbili, madhara kumi na nne,
ukipigwa na jua unapiga mara mbili.
Msimamizi akauliza, nini hii?
Nikamwambia, feni.

Usiku ndio kiwanda. Mundhir kwenye kompyuta
anashona kanuni kama mtu anayetunga uzi gizani.
Dada yake, Ghaniya, anaandika hadithi,
na kila hadithi yake huanza na maiti.
"Lazima afe mtu," anasema, "ndipo watu wakae chini."
Tukamuua mfalme. Tukamuua mzamia lulu.
Toleo la pili tulimuua hata ngamia;
mchezaji wetu wa kwanza akalia, akavaa viatu, hajarudi.

Khanjari sikuiweka. Ile ni ya kiunoni siku ya Idi,
na baba yake Mundhir angetutazama tu,
na kule kutazama kungetosha.
Niliweka mchi. Niliweka kombeo la kufukuzia kunguru mitendeni.
Niliweka mbuzi, si mbuzi wa bandani,
mbuzi ya kukunia nazi, iliyopanda ndege kutoka Unguja
sandukuni mwa bibi, imevikwa kanga mbili
isije ikamng'ata mtu wa forodha.
Madhara: tisa. Uwezo wa ziada: hulikuna giza likatoa tui.
Ubavuni Ghaniya akaiandikia ubeti:

    Nikunapo sina haya,
    kifuu hubaki taya,
    hata jini akigwaya
    mimi nataka nazi tu.

Mundhir akasema maneno hayaenei.
Ghaniya akasema, basi refusha mbuzi.

Shimo letu ni falaji, mfereji chini ya mlima,
unainama, unatambaa, unasikia maji kabla ya kuyaona,
na mwisho kabisa, penye jicho la chemchemi, jini
amekalia kiu ya kijiji kizima.
Uhai wake mia tatu. Nilimchora siku kumi na moja.
Nikampa pembe, nikazing'oa, nikamrudishia moja.

Alhamisi tukaonyesha. Sebule ya shemeji, televisheni ya shemeji,
halua kwenye karatasi, waya mmoja umefungwa plasta ya kidonda.
Binamu watatu wakafa dakika ya pili.
Wa nne akakanyaga sakafu ambayo haikuwepo,
akaanguka, akaanguka,
tukala halua, anaanguka.

Ndipo Bibi Zuweina akasema, hebu nipeni hicho kidude.
Akaenda polepole mferejini, hakuchomoa kitu,
akawapita popo kama watu wa sokoni,
akafika. Jini akanyanyuka, mia tatu kamili.
Bibi akatugeukia:
"Kitufe cha hodi kiko wapi?"
Hakipo, bibi. Kuna kupiga, kuna kukwepa, kuna kukimbia.
"Nimeingia kwa mtu bila kubisha, halafu mnataka nimpige?"
Akapigwa yeye. Kioo kikawa chekundu.
Akarudisha kidude, akauliza kama kahawa imekwisha.

Leo Ijumaa. Daftari liko wazi, safu ya silaha:
mchi, kombeo, mbuzi.
Nimeongeza: hodi. Uzito: hakuna.
Kasi: inategemea sauti.
Madhara,
hapo kalamu imekaa tangu sala ya mchana.
Mundhir anadai nambari, mashine haijui kuachiwa pengo.
Ghaniya anauliza, je, jini akijibu "karibu"?
Tunaingia? Tunavua viatu? Maji tunayaomba kwa maneno gani?
Na mwanzoni tumuue nani sasa?

Tumeandika maswali yote kwenye karatasi, tumeibandika ukutani.
Chini kabisa, kwa mwandiko wa Mundhir:
binamu wa nne bado anaanguka.