Wingu la Wenzetu

Saa nane kasorobo usiku, Kibaigwa.
Malori yamelala kandokando ya barabara ya Morogoro,
utingo wanakoroma juu ya magunia,
na mimi, karani wa mzani namba tatu,
niko nyuma ya ghala, ndipo mtandao unaposhika,
simu nimeiegemeza kwenye debe,
naitazama roketi ambayo haiendi.

Ni mara ya nne.
Mara ya kwanza ilikuwa vali.
Sikujua vali ni nini, nikamuuliza Chidosa fundi pampu,
akanionyesha ya kwake, imeota kutu:
"Hii nayo imechelewesha wengi."
Mara ya pili gesi ilivuja.
Mara ya tatu upepo, na wanne wale
walikuwa wameshafungwa mikanda,
chali, magoti juu, kama kuku wa mnadani.
Saa tatu nzima. Kisha wakafunguliwa,
wakashuka wakipunga mikono
kwa aibu ya bwana harusi aliyerudishwa mlangoni.
Yule mama mwenye mvi ndiye wangu.
Nilimwona akijikuna shingo, akacheka.

Sokoni wananiita Mama Roketi.
"Vipi, wamepaa?"
"Bado."
Lechipya dalali anasema ni kuchezea mafuta tu,
mafuta ambayo yangesaga unga wa wilaya nzima,
lakini kila asubuhi ndiye wa kwanza kuuliza.

Saa zao nazigeuza mwenyewe kwa vidole:
naongeza nane, natoa sita za Kiswahili.
Nikikosea naamka bure,
nakuta uwanja mtupu
na ndege mweupe ametua kwenye uzio.

Leo saa imesimamishwa kwenye dakika nne.
Nikayasoma maandishi mara mbili.
Wanasubiri wingu lipite.

Wingu.

Januari inakwisha, mahindi yetu yamejikunja kama sigara.
Jumapili tumeliomba wingu kanisani,
Ijumaa wenzetu walishaliomba msikitini,
na kule milimani, nasikia, kondoo mweusi amechinjwa.
Na huko, watu wazima na digrii zao
wamekaa mbele ya skrini
wakilingoja wingu liondoke
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nilitamani kuwapigia simu:
msilifukuze hivihivi, lisukumeni huku.

Nyemo ameamka, kajifunga kanga yangu.
"Mama, wakibanwa na mkojo?"
"Wamevaa nepi."
Alicheka hadi utingo mmoja akatukana usingizini.
"Na wakiogopa?"
Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.
"Wanahesabu," nikasema.
"Kama wewe na magunia?"
"Kama mimi na magunia."

Saa ikatembea.
Nyemo akanishika kidole gumba, cha mkono mbaya,
ule ulioshika simu.
Kumi. Tisa. Tukahesabu pamoja kwa sauti ya chini.
Tano. Nne.
Kwenye tatu picha ikaganda.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
nikaiinua simu juu ya kichwa, nikapanda kwenye gunia,
nikaitingisha kama kiberiti kilicholowa.

Iliporudi palikuwa na moshi tu,
nguzo tupu,
na watu wa mbali wanalia na kupiga makofi.
Wiki tano nimengoja sekunde chache
na sikuziona.

Nikafungua daftari la mzani.
Chini ya gunia la mia na tisa, kilo tisini na nne,
la mia na kumi, kilo themanini na nane, lina unyevu,
nikaandika: saa nane na dakika ishirini na moja,
watu wanne. Wameondoka salama.
Uzito sikujaza.

Kulipokucha Lechipya akaja na mswaki mdomoni.
"Vipi?"
"Wamepaa."
Akainua macho juu ya paa za mabati,
akatafuta mashariki, akatafuta na magharibi,
kote kweupe, hata unyoya hakuna.
Akatema povu.
"Haya," akasema, "pima."