Subira, Toleo la Sekunde Sitini

Leo wameagiza matumaini,
ila yasizidi.
Wiebke wa Hamburg ameandika: piano, makofi mepesi,
kitu cha benki, au cha kiwanda cha maziwa,
na mwisho uwe safi, usimsumbue mwenye mkasi.
Ijumaa, saa sita.

Nakaa jikoni, ghorofa ya nne, Mtaa wa Avotu.
Huku Riga theluji imekwisha kuwa tope.
Radieta inagonga nje ya mdundo,
nimeivisha taulo mbili na bado inagonga.
Narekodi inapovuta pumzi.

Kazi hii ina adabu zake.
Ala zisipande pale mtu anaposema.
Melodia ikae kama mgeni aliyekosea harusi:
anatabasamu, hali sana,
na akiondoka hakuna anayemuulizia.
Kila kipande nakikata mara nne,
kamili, sitini, thelathini, kumi na tano,
halafu kimoja bila ngoma
kwa wale ambao furaha yao haitaki kelele.

Juzi kwenye kituo cha tramu nilikutana na Profesa Skaidrite,
aliyewahi kunirudishia fuga yangu ikiwa nyekundu tupu.
"Bado unatunga?"
"Kila siku," nikasema,
na tramu, Mungu aibariki, ikafika.

Nina vipande mia sita na kumi na viwili ghalani mwao.
Kimoja nilikiita Koti la Baba Kitini.
Wakakibatiza Subira Njema 3,
maana hakuna mnunuzi anayetafuta koti.
Sikugombana. Nilikuwa nadaiwa gesi.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani amekishika hicho kibaba?
Taarifa ya mrabaha huja mara mbili kwa mwaka,
kurasa thelathini na moja:
tangazo la matairi, Ureno, senti arobaini;
kipindi cha kuoka mikate, Korea, yuro tatu na nusu;
lifti. Lifti tu, bila nchi.
Naweka penseli sikioni, nahesabu
viatu vya Elza, kodi, fundi wa kutuni piano.

Mwezi wa pili baba alianguka bafuni.
Nilikuwa Liepaja, kilomita mia mbili.
Nikapiga simu hospitali.
"Tafadhali subiri," mashine ikasema,
na likaanza lile koti.
Nililijua kabla ya noti ya tatu,
kama mtu anavyokijua kikohozi chake mwenyewe.
Dakika kumi na tisa nilijiambia nisubiri,
mimi nikiniambia mimi,
sekunde sitini zikiisha, zikirudi, zikirudi,
na kila mzunguko nikasikia kidole kimoja kilichochelewa
ambacho hakuna mteja aliyewahi kukilalamikia.
Aibu yangu ni hii: lilinituliza.
Si sana.
Kwa kiasi kilichoagizwa.

Kisha muuguzi akashika simu, akasema nyonga,
si moyo.

Nilipomsimulia, baba, fundi saa mstaafu,
alicheka mpaka nyonga ikamkanya.
"Wamekulipa?"
Septemba taarifa ikaja, ukurasa wa ishirini na sita:
simu, kusubirishwa, Latvia, senti kumi na moja.
Nikampelekea kwa sarafu, ya kumi na ya moja.
Alizipima kiganjani kama vipuri,
akazitia mfukoni mwa koti.

Sasa ni Ijumaa, saa nne na nusu.
Piano iko tayari, imebaki shangwe.
Nimepiga makofi peke yangu mara nane,
karibu na friji, kando ya dirisha, ndani ya kabati la makoti,
nikayapanga juu kwa juu
hadi yakawa watu.
Siku benki yako itakapokushangilia,
ni mimi huyo,
nimevaa soksi, sijanywa chai,
nachungulia radieta.