Maji Mazito

Januari, Thunder Bay. Ghorofa ya chini,
chumba kinachonuka kahawa na zulia bichi.
Sisi kumi na mmoja, wataalamu wa lishe,
tumeitwa kufundwa namna ya kufunda.
Miaka kumi na tisa nimepima chumvi za watu,
nimehesabu kalori za waliokufa kabla ya chakula cha jioni,
na leo Aila Koskinen, niliyemzidi miaka kumi na miwili,
ananigawia kalamu na karatasi ya visanduku
kana kwamba ndiyo kwanza naota meno.

Hakuanza na visanduku.
Aliweka mbele ya kila mmoja kikombe cha maji
yaliyokorogwa na unga hadi yakawa mazito,
yale tunayowaandikia waliosahau kumeza.
"Kunyweni," akasema. "Yote."
Yalishuka kama konokono asiye na miadi.
Gordie wa wadi ya figo alikohoa, akacheka, akaacha kucheka.
Nimeyaandika maji haya mara ngapi? Elfu?
Sikuwahi kuyaonja.

"Ndivyo mwanagenzi anavyomeza siku ya kwanza."
Nikaona mfano umeburutwa kwa nywele,
lakini koo langu lilikwisha kukubali.

Mimi mlezi wangu alikuwa Bi Halvorsen, kule Winnipeg,
kalamu nyekundu, mbele ya mgonjwa, mbele ya wanawe:
"Huyu angekuua," akanionyesha kwa kidevu.
Alichelea kulia mwenyewe, basi nililia mimi,
chooni, bomba nimelifungulia.
Na naapa, tangu siku ile sijakosea nukta ya desimali.
Je, nilifundishwa vizuri au vibaya?
Niliuliza hivyo kwa sauti.
Watu wakatazama vikombe vyao.
Karatasi haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Aila alisema tu:
"Kabla ya kusahihisha, hesabu hadi kumi.
Mgonjwa akiwa hatarini, usihesabu kitu."

Jumatatu nikapewa Delphine Ouellet,
viatu vipya, kikokotoo kimefungwa kamba shingoni.
Wadi ya nne, kitanda cha dirishani.
Nje ziwa limeganda, na lile Jitu la mawe
limelala chali, theluji kifuani.
Mzee Isak Kakegamic, siku tisa hajala,
mrija puani, plasta shavuni.
Delphine akaandika: mililita mia na ishirini kwa saa.

Njaa ya siku tisa haifukuzwi kwa mafuriko.
Mwili ukijazwa ghafla, moyo hupotea njia.
Ila pampu ilikuwa imezimwa.
Kosa lilikuwa bado ni wino.

Moja. Mbili. Kalamu inaniwasha mfukoni.
Tatu. Bi Halvorsen anainua kidevu.
Nne, tano, Delphine anatazama saa ya ukutani,
hatazami karatasi.
Sita, na mdomo nimekwisha kuufungua,
ndipo mzee, sauti kama nyayo juu ya barafu nyembamba:
"Mwacheni. Mtoto anahesabu."

Sikujua alimsema nani, yeye au mimi.

Akafuta. Akaandika sitini. Akafuta tena,
karatasi ikaanza kutoboka.
"Thelathini? Na tupime fosfeti kwanza?"
Ulimi wangu ulitaka kusema ndiyo.
Nikasema, "Kwa nini?"
Akaeleza, akigugumia, akirudi nyuma,
akakosea jina la vitamini,
kosa hilo nikalibeba hadi kwenye korido.

Tulipogeuka kuondoka mzee akauliza,
"Na supu ya mke wangu, ya samaki, lini?"
Miaka kumi na tisa, na jibu sina.
Delphine akarudi kitandani, akavuta kiti, akakaa.
"Anaipikaje?" akauliza.
Na pembeni mwa fomu, nje ya kila kisanduku,
akaandika kwa herufi kubwa: SUPU.