Hatua Arobaini na Moja

Kutoka mlango wa Lenora Pruitt
hadi mlango wa baa ya Kovach
ni hatua arobaini na moja.
Nilizihesabu mwenyewe, asubuhi ya theluji,
mikono mfukoni, kama mtu aliyepoteza funguo.

Pipa lingeweza kubingirika lenyewe,
barabara yetu ina mteremko.
Lakini katika jimbo hili pipa la bia halina miguu
mpaka lipewe na sheria.

Kwa hiyo nalipakia mimi.
Nateremka nalo milima ya Apalachi, kona kumi na saba,
nalipita kanisa la Wabaptisti,
na kiwanda cha mbao kilichofungwa nikiwa shule,
maili sabini na mbili hadi ghala la Haskell na Wanawe.
Linashushwa, linagongwa muhuri, linalala siku tatu,
kisha napanda nalo tena
maili sabini na mbili
ili livuke barabara.

Wanasema sheria ilitungwa kwa nia njema.
Zamani mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenye baa,
mwenye kaunta, mwenye daftari la madeni,
mwenye mshahara wa mlevi kabla mkewe hajauona.
Wakajenga ukuta katikati.
Sawa. Lakini ukuta ukilishwa vizuri huota tumbo.
Siku hizi ghalani bia ya kampuni kubwa
imepangwa mpaka darini, ina baridi yake, ina taa zake.
Pipa la Lenora, la shayiri na asali ya mtama,
linakaa karibu na choo, penye bomba la joto.
Nikiuliza, msimamizi hucheka:
mwenye nguvu mpishe.

Babu yangu Otis alipika gongo korongoni,
akafungwa miezi minane.
Yeye aliikimbia sheria kwa gari,
mimi sheria inanilipa kwa maili.

Nisijifanye malaika.
Maili mia moja arobaini na nne
ndiyo meno ya binti yangu yaliyonyooshwa,
ndiyo gesi ya kupashia nyumba moto.
Hatua arobaini na moja
hazinunui hata kikombe cha kahawa.

Mwezi wa pili Lenora alikwenda mbele ya kamati ya bunge.
Haskell alitununulia mashati ya buluu, madereva kumi na wanane,
tukakaa safu tatu nyuma yake
kama kwaya iliyokatazwa kuimba.
Lenora alisimama na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Hakuifungua.
“Sitaki kupigana na mtu,” alisema. “Nataka kuvuka barabara.”
Mbunge mmoja mpole akamuuliza,
“Ni umbali gani, mama?”
Akasita. Futi mia, labda. Hakuwahi kupima.
Mwanasheria wa kampuni akaandika kitu, akatabasamu.

Mimi nilijua.
Jibu lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki,
na kola ya shati jipya ilikuwa inabana.

Muswada ulikufa kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi nikarudisha lori kinyumenyume mlangoni pake.
Alinisaidia kuinua, kama siku zote,
yeye upande wa chini, ulio mzito.
Hakutaja shati.
Aliuliza tu kama barabara ya mlimani imemwagwa chumvi.
Nikasema imemwagwa.
Akalipiga pipa makofi mawili,
kama anayemuaga ng'ombe aendaye mnadani.

Jumatatu nikalishusha kwa Kovach, lina vuguvugu.
Akasaini bila kuligusa.
Nikazima injini, nikavuka kumpelekea Lenora risiti,
na sijui kwa nini nilikuwa nahesabu
kwa sauti.

Alikuwa amesimama kizingitini.
Alinisikia kuanzia thelathini.