Gundi

Barua imetoka jumba la makumbusho, Uingereza.
Imeandikwa kwa heshima, na swali ni moja tu:
kwenye kazi nambari kumi na nne
mlitumia gundi gani?
Imeanza kubanduka.

Naisoma nimekalia debe la rangi
hapa Kamukunji, nyundo zinalia kila upande
hata macho nayo husoma kwa kupaza sauti.
Nambari kumi na nne naikumbuka kwa upana:
ilikataa kupita mlangoni, tukang'oa mlango.

Imogen Thackray alikuja na mabegi mawili na kikohozi.
Akataka fremu. Nikamuuliza, ya picha gani?
Picha bado, akasema, anza na fremu.
Nikajua huyu ni mwendawazimu
au ni fundi mwenzangu.

Alfajiri utampata Gikomba, marobota yakipasuliwa,
anasukumana na akina mama wawindao kamera.
Wao huvuta koti zima,
yeye huvuta lililoliwa na nondo.
Wakambatiza Mama Matambara, wakampandishia bei,
naye akajifunza kusema "wacha hizo"
kama mzaliwa wa Shauri Moyo.

Siku moja akageuza lebo ya sweta
akanyamaza.
Kiwanda hiki, akasema, mama alifanya kazi humo
miaka kumi na tisa, kushona kola tu.
Siku hizi ni maegesho ya magari.
Akanionyesha ile kola
kama mtu anayekuonyesha jino lake lililong'oka.

Tuliishona juu ya bati.
Mimi natoboa kwa msumari wa inchi nne,
yeye anapitisha uzi, damu ya kidole inabaki pale pale,
hafuti.
Kisha akaona waya wangu ukutani,
risiti za kanjo za miaka sita nimezitunga kama samaki.
Akaniomba.
Nikampa zote, maana hakuna mtu
aliyewahi kuniomba hasara zangu.

Onyesho la kwanza lilikuwa Westlands:
watu kumi na wawili, wanne walifuata sambusa.
La pili Leeds. La tatu sijui wapi,
nilisikia tu amepewa tuzo
na kwamba alilia jukwaani, kikohozi kikamsaidia.
Miaka ikaenda. Akaniletea kitabu kizito cha picha zake,
karatasi inang'aa kama sahani ya wageni.
Nikajitafuta humo
kama mtoto anayetafuta namba yake kwenye matokeo.
Bati. Sufu. Karatasi. Uzi.
Na mwisho wa mstari: mchanganyiko.

Sikukasirika.
Nilikasirika.
Siku ya tatu mtu akaagiza karai kumi na moja
nikasahau.

Lakini barua hii ina mstari wa chini.
Bi Thackray mkono wake hautulii tena, wanasema,
na kila akiulizwa hujibu:
hilo analijua Mulwa, muulizeni Mulwa.
Jina langu, herufi zote tano, limepigwa chapa
kwenye karatasi yenye nembo ya simba wawili.

Sasa nitawaambia nini?
Gundi ya dukani ilituishia siku ya Jumapili.
Syombua akatazama lile bati, akatutazama sisi,
akabandika sufuria jikoni:
unga wa ngano, maji, chumvi, na kitu cha nne
alichokitia akiwa ametupa mgongo.
Sikumuuliza. Mwanamume gani huuliza uji?
Sasa amelala Kathiani, mvua ya tatu hii.

Jana usiku nilikoroga peke yangu.
Ukashika madonge. Nikakoroga tena.
Ulinata vidoleni, haukunata kwenye bati.

Kwa hiyo nimewaandikia hivi, kwa kalamu ya kupimia:
andikeni uji.
Andikeni Syombua, wa Mulwa, chumvi na siri.
Halafu nami nina swali langu:
kipi kimeanguka kwanza,
kola ya yule mama
au risiti zangu?