Inawaka

"Lakini inawaka," ananiambia Emlyn,
na kweli inawaka, taa yake ya shaba,
shingo imepinda juu ya daftari la stoo
kama mtu anayedokoa barua ya mwenziwe.
Bonyeza: mwanga. Bonyeza: giza. Bonyeza: mwanga.
Miaka ishirini na saba, haijamwangusha.

Nimo humu tangu saa mbili, mvua ya Llanelli mgongoni,
sanduku la vipimo, roli nene ya stika za kijani,
na ile nyembamba, nyekundu, naificha mfukoni
maana wakiiona hubadilika sura.
Juu nimepima mabirika manne, printa sita,
chaja tatu zisizokuwa na mwenyewe.
Delyth wa hesabu alisukuma hita kwa kisigino
nyuma ya ndoo ya taka, akaniuliza hali ya mama.
Mama hajambo, nikasema. Nikainama.
Waya ulikuwa umeyeyuka ulipoegemea wavu wa hita yenyewe,
shaba inachungulia, nyekundu, kama ufizi.
Hatukuendelea na habari za mama.

Wanadhani kazi yangu ni mashine.
Kazi yangu ni macho, halafu vidole;
mashine huja mwisho, kama hakimu aliyechelewa.

Sasa taa. Bisibisi, plagi, kifuniko.
Wa kahawia mahali pake. Wa buluu mahali pake.
Ule wa kijani na manjano umekatwa, umekunjwa kando,
ncha imefungwa utepe kwa unadhifu wa mshonaji.
Na fyuzi imevishwa karatasi ya fedha ya chokoleti.
Naisogeza puani. Hainuki kitu.

"Nani huyu?"
"Menna. Mke wangu." Anafuta meza isiyo na vumbi.
"Usiku wa kuhesabu mali. Fyuzi ililipuka, maduka yamefungwa.
Akavunja chokoleti, nusu yake, nusu yangu,
karatasi akaitia kazini. Akasema,
wa tatu hauna kazi, taa inawaka bila huo."

Wa tatu hauna kazi.
Kweli, Menna, popote ulipolazwa,
ndio waya pekee ninaoujua unaoajiriwa ili ukae.
Hauleti mwanga, haurudishi chochote,
unangoja siku moja ambayo huenda isije:
siku kihami kitakapochoka mle shingoni,
shaba yote igeuke moto usio na rangi,
na mumeo ametoka mvuani, mikono inachuruzika,
anapapasa swichi.
Hapo umeme utataka njia fupi ya kwenda ardhini
na kifua chake ndicho kitakachokuwa karibu.

Simwambii hayo. Naunganisha wa tatu,
natia fyuzi mpya, ndogo, ya ampea tatu,
nasema moyoni pita, pita basi, bibi wee.
Nabana koleo shingoni. Mashine inanguruma.
Robo tatu ya megaomu. Inatakiwa moja.
Narudia. Robo tatu.

"Imefeli."
"Lakini ina—"
"Najua."

Stika nyekundu. Mkasi. Plagi inabaki mkononi mwangu
na waya unaning'inia kama mkia usio na mnyama.
Nampa ile karatasi ya fedha. Anainyoosha kwa ukucha,
polepole, hadi maandishi ya chapa yaanze kusomeka,
anaichomeka kwenye pochi, nyuma ya tiketi ya basi.

Delyth anashuka na taa kutoka kabatini, ya plastiki,
nyeupe, nyepesi kama ganda la yai;
hita haikutajwa, lakini naona amekuja kulipa deni.
Naigeuza: mraba ndani ya mraba, alama ndogo chini ya kitako.
"Hii haina wa tatu," anasema Emlyn, ameshafungua jicho.
"Haina. Imevaa nguo mbili, haihitaji."
Anaitazama kwa muda.

Napima. Inapita. Stika ya kijani, tarehe, herufi zangu.
Anabonyeza: mwanga. Anabonyeza: giza.
"Mweupe mno," anasema,
na anaiacha imezimwa, anasoma daftari kwa dirisha,
hadi saa kumi, hadi dirisha nalo linakataa.