Ukurasa wa Nane

Nilifika stendi ya Newala na daftari kwapani,
kurasa sitini na mbili, ukungu wa Julai umelainisha jalada,
nikiamini hakuna kichwa kingine duniani kilichowahi kuyawaza haya:
mwaka elfu mbili mia tatu na kumi,
visima vya gesi vya Msimbati vimekauka,
na fundi mpweke anaokota vyuma vilivyobaki,
anaunga mtambo, anaupa mikono,
anaupa macho ya taa za pikipiki,
anauacha juani upate chaji.

Fadhina Nampota, mchapaji wa steshenari,
mia tano kwa ukurasa, michoro hailipiwi,
alichapa bila kuniangalia.
Ukurasa wa sita, vidole vikasimama.
"Ukurasa wa nane anaamka," akasema.
"Anamwita fundi kwa jina. Halafu atatokea mtoto mwenye alama begani,
kutakuwa na shimo la kwenda dunia nyingine,
na yule anayeijua njia atakufa kabla hajamaliza kusema."

Nikampa ukurasa wa nane.
Aliamka.
(Anayeijua njia alikufa ukurasa wa arobaini na moja,
katikati ya neno "kushoto".)

"Umesoma wapi haya?"
"Sisomi. Nachapa. Wewe ni wa tano tangu mnada wa korosho."

Niliondoka kama mtu aliyeibiwa asiyejua amshitaki nani,
au kama mwizi aliyekutwa na mali asiyokumbuka kuiiba.
Usiku, kwenye lindo la ghala, nikaketi juu ya magunia na kifutio.
Alama nikaitoa begani, nikaihamishia kisiginoni.
Nikafuta kisigino. Nikamfuta mtoto.
Nikafukia shimo. Nikamrudisha fundi kwao, akaoe.
Ikabaki hadithi ya mtambo uliokaa.
Hata mimi mlinzi, ninayelipwa nisilale, nililala.

Jumapili nikamkuta binamu yangu Severini anachonga.
Jini lilelile, mdomo uleule uliopinda hadi sikioni.
"Hili si la mwaka jana?"
"La mwaka jana lilitoka gogo la mwaka jana.
Hili lina fundo hapa. Fundo limekataa pua."
Akaipeleka pua shavuni, akaomba sigara.

Njiani kurudi, fundo likanikaa kooni.
Kwa maana Fadhina alisema "anaamka",
na mimi daftarini nilikuwa nimeandika "unaamka":
mtambo, ngeli ya mti.
Yeye, bila kusita, akauhamishia ngeli ya mtu.
Na si ndivyo tulivyosimuliwa tungali mgongoni,
kwamba wa kwanza wetu alikuwa peke yake porini,
akachonga mti, akausimamisha nje,
na jua lilipoupiga ukawa mke?
Nani aliniambia niuache mtambo juani?
Nilidhani ni kwa ajili ya chaji.

Na lile shimo.
Nyumba yetu ilikuwa hatua mia mbili kutoka Shimo la Mungu.
Kabla ya bomba, mama alishuka humo usiku wa manane,
ukungu ukammeza, akarudi jua limetoka, ndoo kichwani,
nusu yake imemmwagikia mgongoni.
Kila siku. Hakuna aliyemtabiri.
Alama alikuwa nayo: utosini,
duara la ngata, pasipoota nywele.

Jumatatu nikarudi na ukurasa wa nane, mpya.
Fadhina akachapa: *anaamka.* Akaguna.
Akachapa: *hamwiti fundi. Anatazama mikono yake,
anauliza maji yako umbali gani.*
Vidole vikasimama.
"Atashuka," akasema.
"Atashuka."
"Na atarudi."
"Ndiyo."
"Na ndoo, inavuja?"

Nikamwambia ukurasa wa tisa bado sijaufikia.
Akanitazama kwa mara ya kwanza,
kisha akanyoosha mkono:
mia tano.